Bwana Sakarani: mwenye shamba wa Usambara na kapteni aliyefia Tanga

Msomaji mmoja wa Soni, wilayani Lushoto, ameniandikia hivi: "Huku kwetu kuna mahali panaitwa Sakarani. Wazee wanasema palikuwa shamba la Mjerumani aliyeitwa Bwana Sakarani, mlowezi aliyeacha kilimo chake mwaka 1914, akaenda vitani na kuuawa Tanga. Kijana wangu anasoma Iringa, naye ananiambia kule Bwana Sakarani ni afisa aliyepigana na Mkwawa. Je, hao ni watu wawili au ni mmoja? Na kama alikuwa mkulima, ilikuwaje akapewa askari wa kuongoza?"

Ni mtu mmoja, ndugu yangu. Aliitwa Tom Prince, baadaye Tom von Prince. Wazee wako wamesema kweli, na kijana wako naye amesema kweli. Kinachowachanganya watu ni kwamba maisha yake yalitapakaa mikoani: Tabora wanamjua kwa habari za Mtemi Isike, Iringa kwa habari za Mkwawa, Lushoto kwa shamba, Tanga kwa kifo chake. Aliyesikia habari za mkoa mmoja hudhani amesikia zote. Swali lako la pili ndilo zito, na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu jinsi tunavyolijibu inabadilisha namna tunavyoitazama ile ardhi ya Soni. Kwa kifupi, Prince alianza kuwa mwanajeshi kabla hajamiliki hata mche mmoja. Shamba alilipata katika nchi ambayo jeshi lake lilikuwa limeiteka, na vita vilipozuka tena alirudi kwenye kazi aliyoijua kuliko kilimo.

Alizaliwa kisiwani Mauritius mwaka 1866. Baba yake alikuwa Mwingereza, afisa wa polisi katika koloni hilo, na mama yake alikuwa Mjerumani. Alilelewa na kusomeshwa Ujerumani, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Kassel. Ulishike jina hilo la Kassel, maana miongoni mwa vijana waliosoma naye pale alikuwamo Paul von Lettow-Vorbeck, na wawili hao walikuja kukutana tena mwaka 1914 katika milima yenu.

Mwaka 1890 Prince alijiunga na jeshi la Kijerumani huku kwetu. Jeshi hilo lilikuwa changa. Hermann von Wissmann alikuwa ameliunda mwaka uliotangulia ili kuwakabili Abushiri bin Salim na watu wa pwani waliokataa kutawaliwa, na askari wake wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Cairo pamoja na vijana kutoka kusini ya Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa hiyo Prince alipofika, pwani ilikuwa imekwisha kutiwa mkononi, na kazi iliyobaki ilikuwa bara.

Tabora ndipo alipopata jina. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa ameshika njia kuu ya misafara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Alikuwa na ngome imara na bunduki nyingi, na mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 hayakumwondoa. Januari 1893 Prince, ambaye wakati huo alikuwa luteni tu, alirudi na kikosi na kuivunja ngome. Isike alipoona adui wamo ndani, aliwasha ghala la baruti alimokuwa na watu wake. Wajerumani wakamweka kwenye kiti chake Nyaso, mwanamke wa ukoo huohuo, ambaye waliamini hatawasumbua. Tazama vizuri utaratibu huo, kwa sababu Prince aliurudia alikokwenda: vunja ngome, ondoa mtawala, simika ndugu yake aliye dhaifu, kisha jenga boma.

Sasa Uhehe. Kila mtoto wa Tanzania amesoma jinsi Wahehe walivyoangamiza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kisasi kilichukua miaka mitatu kuandaliwa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alivunja kuta za Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa mizinga, na Prince alikuwa miongoni mwa maafisa wake. Mkwawa akatoroka. Mwaka 1896 Prince ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuishi Uhehe na kuimaliza nchi hiyo, na ndiye aliyeanzisha boma la Iringa. Alikuja na mkewe Magdalene, mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa von Massow, ambaye baadaye alichapisha kumbukumbu zake za maisha ya boma. Kumbukumbu hizo ni chanzo cha thamani kwetu, mradi msomaji asisahau kwamba mwandishi aliketi upande gani wa ukuta.

Alichokifanya Prince Uhehe ni vita vya njaa, na sioni sababu ya kukipamba kwa jina lingine. Doria zilichoma vyakula na vijiji, zikachukua ng'ombe, zikateka wanawake na watoto, ili yeyote anayemficha Mkwawa aone gharama yake. Merere wa Usangu alirudishwa kwenye nchi ambayo Wahehe walikuwa wamemfukuza, na hivyo milki ya Mkwawa ikapunguzwa kwa upande wa magharibi. Mwishoni mwa 1896 Prince alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala chini ya Wajerumani. Mapema mwaka uliofuata akamtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri, akamnyonga. Njia iliyofaa Unyanyembe ilikataa Uhehe, kwa sababu Wahehe wengi hawakumwona mtu aliyesimikwa na boma kuwa ni mtwa wao.

Mwaka 1898 serikali ya Gavana Eduard von Liebert ilitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai mwaka huo, doria ya sajini Merkl ilimfikia Mkwawa pale Mlambalasi. Alikuwa amekwisha kujipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Iringa, kwa Prince. Kwa hiyo kijana wako akiulizwa kama Bwana Sakarani ndiye aliyemuua Mkwawa, ajibu kwamba Mkwawa alijiua mwenyewe. Prince alimsaka kwa miaka miwili mpaka mtu yule akabaki peke yake porini, mgonjwa na mwenye njaa. Fuvu hilo likaingia hata katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi Kalenga mwaka 1954, likaletwa na Gavana Edward Twining na kupokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Jina la Sakarani alilipata huko vitani. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba risasi zikianza kulia alikuwa kama mtu aliyelewa, hajali wala harudi nyuma. Aliipenda sifa hiyo kiasi cha kulipa shamba lake jina hilohilo. Hilo pekee linanitosha kujua kwamba alipoingia kwenye kilimo, askari aliye ndani yake hakuondoka.

Aliacha utumishi wa jeshi mwaka 1900 akiwa na cheo cha kapteni, akahamia Usambara Magharibi. Baadaye Kaiser Wilhelm II alimpa hadhi ya ukabaila, na ndipo lile neno "von" likaongezwa kwenye jina lake. Hapa ndipo wazee wako wanapoanzia hadithi: Mzungu mwenye shamba, mke na watoto, nyumba ya mawe, vibarua wanaopanda mlima asubuhi. Ni picha ya kweli, ila imekatwa nyuma. Ardhi ile ilipatikanaje?

Wasambaa walikuwa na ufalme wa Wakilindi, wenye makao Vugha, jirani kabisa na nyinyi. Mwaka 1895 Semboja wa Mazinde alifariki, na mwanawe Mputa aliyetawala Vugha akanyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Kinyashi akawekwa. Mwaka huohuo wa 1895 serikali ya kikoloni ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani aliamua kwamba ardhi fulani haina mwenyewe? Afisa wa boma, akiwa amesimama kwenye kilima, akitazama bonde. Wasambaa hawakulima mahali pamoja kila mwaka. Walikuwa na migomba karibu na nyumba, mashamba ya mlimani na mengine ya nyika, na ardhi iliyopumzishwa ambayo kila ukoo uliijua mipaka yake. Kwa macho ya mgeni, ardhi iliyopumzishwa ni pori.

Kisha ikaja njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 nchi ya Tanga na Usambara ilipigwa na ukame, nzige na njaa kali. Watu walikufa, wengine wakahama. Prince alipofika mwaka 1900, milima ilikuwa bado inauguza majeraha hayo, na mahali palipokuwa na watu miaka mitano nyuma pangeweza kuonekana patupu. Jambo hili husahauliwa mno katika simulizi za mashamba ya walowezi, na kwangu mimi ndilo kiini. Vita, amri ya ardhi na njaa vilifuatana ndani ya miaka mitano, na mwenye shamba akaja nyuma yao akiwa na karatasi yenye mhuri.

Kupata ardhi ni jambo moja, kupata watu wa kuilima ni jingine. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba, na kodi hiyo iliwasukuma watu kutafuta fedha. Lakini Msambaa mwenye migomba na maharage yake aliweza kuuza mazao akalipa kodi bila kukanyaga shamba la mtu. Walowezi wa wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wakalalamika, na mwaka 1907 ukaanzishwa utaratibu wa kadi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi, na alitakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za lazima za serikali. Watu wa Shambaai, ndivyo Wasambaa wanavyoiita nchi yao, hawakusahau. Waingereza walipoingia waliukuta utaratibu wa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kuutumia kwa namna yao kwenye mashamba ya mkonge, ndiyo maana babu zetu wa Tanga na Korogwe walilijua neno kipande kuliko neno mshahara.

Kwa upande wa faida, walowezi wengi wa Usambara hawakutajirika kama walivyotarajia. Mashamba ya kwanza ya kahawa yalipandwa Derema, Usambara Mashariki, kuanzia 1891, yakaleta matumaini makubwa. Lakini udongo wa milima ile ulichoka upesi, na kahawa ya Brazil ilishusha bei duniani. Wengine wakahamia mpira, wakafaidi kwa miaka michache, kisha bei ya mpira ikaanguka vibaya mwaka 1913. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ndio ulioshika, lakini huo ni zao la tambarare na mitaji mikubwa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa mwenye shamba wa Soni, Mombo ndiyo ilikuwa bandari yake: mzigo unashuka mlima kwa vichwa vya watu, unapandishwa treni, unateremka pwani. Reli hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumpeleka kifoni.

Januari 1914 Lettow-Vorbeck aliwasili Dar es Salaam kushika ukamanda wa jeshi la koloni, akiwa luteni kanali. Hakukaa sana ofisini. Akaanza kuzunguka nchi, na Usambara akamkuta mwenzake wa Kassel. Prince alikuwa na umri wa miaka 48. Wawili hao walizungumzia jambo moja zaidi ya yote: kuwakusanya Wajerumani wa Usambara na Kilimanjaro wawe kikosi cha kujitolea, endapo vita vitakuja. Miezi michache baadaye vikaja.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Ujerumani ya wakati ule ilimpitisha jeshini karibu kila kijana mwenye afya, na akimaliza aliendelea kuhesabiwa kuwa ni wa akiba. Kwa hiyo meneja wa shamba, fundi wa reli na karani wa duka la Tanga, ukiwafunua, wengi walikuwa koplo na sajini waliovua sare. Na afisa aliyestaafu alibaki na cheo chake. Prince hakuhitaji kupandishwa cheo ili aongoze watu. Alivaa tena sare aliyoivua miaka 14 nyuma. Katika koloni zima mwaka 1914 palikuwa na kombania 14 za jeshi, zenye askari Waafrika wasiozidi sana 2,500 na Wajerumani karibu 260. Kwa jeshi dogo kiasi hicho, kapteni aliyevunja ngome ya Isike na kuijua milima ya kaskazini alikuwa hazina.

Si walowezi wote waliovitaka vita. Gavana Heinrich Schnee alitamani koloni libaki nje ya vita, na wenye mashamba wengi waliogopa kwamba Waafrika wakiona Wazungu wanauana, utawala utavunjika. Kumbukumbu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ilikuwa bado mbichi. Prince hakuwa wa kundi hilo. Tarehe 15 Agosti 1914, wiki mbili tu baada ya vita kuanza Ulaya, alivuka mpaka na kuiteka Taveta, ambayo ilikuwa upande wa Waingereza chini ya Kilimanjaro. Waingereza waliondoka karibu bila kupigana. Taveta ni mji mdogo, lakini uko katikati ya njia kati ya Moshi na Voi, na ilikuwa ni hatari kwa Reli ya Uganda. Wajerumani waliishikilia hadi Machi 1916.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa yaleyale. Agosti 1914 walowezi wa Kenya walimiminika Nairobi na farasi zao na bunduki za kuwindia, ikaundwa East African Mounted Rifles. Berkeley Cole alikusanya Wasomali akaunda kikosi chake, na Lord Delamere akawa anachunga mpaka wa Umasaini. Tarehe 3 Novemba walowezi hao walipigana Longido, wakashindwa, siku ileile mambo yalipokuwa yameanza kuchacha Tanga. Hivyo ukiuliza jinsi mkulima alivyogeuka afisa, jua kwamba Prince alikuwa na wenzake wengi pande zote mbili. Tofauti yake ni kwamba baadhi ya walowezi wa Nairobi walijifunza vita wakiwa juu ya farasi mwaka huohuo.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Fox ilitokea mbele ya Tanga ikiutaka mji usalimu amri. Nyuma yake palikuwa na meli zilizobeba karibu watu 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Auracher, mkuu wa wilaya, aliomba muda, kisha hakurudi na jibu. Muda huo ulitosha. Kutoka Moshi, Lettow-Vorbeck alianza kuteremsha kombania kwa treni, moja baada ya nyingine. Waingereza wakashuka Ras Kasone usiku, wakajaribu kuingia mjini asubuhi ya tarehe 3 na kurudishwa. Usiku uliofuata Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita mjini kwa baiskeli, akaukuta kimya, akaamua kupigana.

Tarehe 4 upande wa Wajerumani walifika karibu 1,000, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Prince alikuwa na kombania mbili za walowezi, ya saba na ya nane, zilizowekwa akiba upande wa magharibi wa mji. Hizi zilikuwa na bunduki mpya, wakati kombania nyingi za askari zilitumia bunduki za mwaka 1871 ambazo kila ukifyatua zinatoa wingu la moshi na kumwonyesha adui ulipo. Mchana vikosi vya Loyal North Lancashire na vya Kashmir vilipenya hadi kwenye mitaa ya mji na kuanza kuisukuma Kombania ya Sita. Prince akaamriwa aingie mjini haraka kuisaidia. Aliingia, mapigano yakawa ya nyumba kwa nyumba, na humo ndimo alimouawa.

Alikufa mapema mno kuuona ushindi. Jioni kombania zilizobaki nyuma zilimpiga Mwingereza ubavuni kwa bombomu, yaani bunduki za rashasha, safu za kusini zikavunjika, na nyuki waliochokozwa na risasi kwenye miti wakamaliza kazi ya kuwatawanya. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea. Waliacha bunduki mamia, bombomu 16 na risasi laki kadhaa, na vifaa hivyo ndivyo vilivyoliwezesha jeshi dogo la Lettow-Vorbeck kuendelea kwa miaka. Wajerumani na askari wao waliokufa Tanga walikuwa karibu 70, na wengi wao walikuwa Waafrika.

Naomba nisimame kidogo kwa hao. Katika vitabu vingi vya Kijerumani vya baada ya vita, kifo cha Prince kinapewa kurasa, na askari walioanguka mtaa ule ule hupewa mstari. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, na wengine wengi. Walikuwa na vyeo vyao vya ombasha na shaushi, na wake na watoto waliofuatana nao. Baadhi yao walikuwa wanajeshi wazoefu waliopigana tangu zama za Maji Maji. Ushindi wa Tanga ulikuwa kazi yao zaidi kuliko ya walowezi. Na vita vilipoendelea, mzigo mzito uliwaangukia wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu, pande zote mbili. Jina la Kariakoo lililobaki Dar es Salaam limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza.

Uliuliza pia, kwa maneno machache mwishoni mwa barua, lile shamba liliendaje. Waingereza waliikalia Usambara mwaka 1916. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa nchini, mali zao zikatwaliwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa mnada. Wanunuzi wengi walikuwa Wagiriki, Wahindi na Waingereza. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, wengine wakanunua tena mashamba. Sakarani yenyewe mwishowe iliangukia mikononi mwa watawa Wabenediktini, ambao wanaendelea kulima huko hadi leo. Mvinyo na makadamia zake nadhani unazifahamu kuliko mimi. Katika mabadiliko yote hayo, kutoka kapteni hadi serikali ya Waingereza, hadi wanunuzi, hadi misheni, sijaona hatua ambayo swali la nani aliilima ardhi ile kabla ya 1900 liliulizwa kwa uzito.

Nimeulizwa mara nyingi kama mtu wa aina hii astahili kukumbukwa. Nadhani astahili kujulikana, mzima mzima. Alikuwa jasiri, hilo hata maadui zake walilikubali. Alikuwa pia mtu aliyemnyonga Mpangile baada ya kumkalisha kitini yeye mwenyewe, aliyewanyima chakula watoto wa Uhehe ili kumpata baba mmoja. Ukimsimulia kama mkulima mpole aliyeitwa vitani, unazifuta Tabora na Iringa. Ukimsimulia kama afisa peke yake, unaifuta Shambaai, na watu waliobeba kadi za siku 30 wanatoweka.

Kwa hiyo nina ombi kwako wewe na wazee wa Soni. Mnapokaa kuzungumza, msianze na Mjerumani. Ulizeni ni koo zipi zilikuwa na migomba pale, vijito viliitwaje, wapi palikuwa na makaburi na mahali pa kutambikia, nani walihama mwaka wa njaa na walikwenda wapi. Mwandike majina kama yanavyotamkwa Kisambaa, pamoja na jina la mzee aliyesema na mwaka aliozaliwa. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zimehifadhi majalada ya ardhi ya enzi ya Wajerumani, na katika majalada ya aina hiyo majina ya vijito na vilima mara nyingi ndiyo yanayotumika kutaja mipaka. Ukinitumia orodha yenu, nitaanza nayo nikienda huko.